Nilivyowafukizia uunsi watoto wa paka wa stoo, mama yao akawakimbia

Wakuu, salaam aleikum. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Modogashe, na chumvi sijaongeza.

Nina duka la unga na sukari. Stoo kuna paka wa kijivu ambaye si wa mtu. Panya anawamaliza, lakini ukimsogelea tu, hayupo. Tumeishi hivyo mwaka mzima, kila mtu na zake.

Juzi akazaa nyuma ya magunia. Watoto watatu, macho bado hayajafunguka. Nikayeyuka. Mwanaume mzima na ndevu zangu, chekeni tu.

Nikaona pale ni vumbi tupu. Nikawahamishia chumbani kwangu, nyuma ya duka, kwenye katoni yenye blanketi.

Sasa si mnatujua sisi Wasomali na mgeni? Nikawafukizia uunsi, ule ubani wetu unaopikwa na sukari. Chumba kikanukia kama cha bibi harusi.

Mama mtu akaja mpaka mlangoni. Akanusa, akarudi nyuma. Alijaribu mara tatu, kisha akakaa mbali akilia.

Ndani watoto nao wanalia, na sauti inazidi kufifia. Maziwa niliyowapa kwa pamba wakayatema. Wakuu, ile stress sitaisahau. Wakifa, nimewaua mimi, tena kwa wema wangu.

Alasiri akapita Eeddo Habiba, yaani shangazi Habiba, mama anayeniletea maziwa ya ngamia. Kunusa tu, akajua. Akanifokea kwa Kiswahili chake, ambacho paka ni "baka":

"Warya! Nani alikwambia hiyo baka anataka harusi? Hiyo anajua mtoto kwa harufu, na wewe umefunika yote! Rudisha kwa gunia yake, sugua na hiyo gunia, halafu toka. Toka kabisa!"

Nikafanya hivyo. Nikafunga duka, mteja mmoja akanitukana, nikakaa ng'ambo ya barabara nikisoma kila dua ninayoijua.

Kabla ya magharibi mama paka akapenya chini ya bati la stoo. Nikangoja, kisha nikachungulia kwenye ufa: amelala ubavu, wote watatu wananyonya. Machozi yalinitoka, sifichi.

Nilichojifunza: huyu anaishi nasi, lakini si wetu. Anachotaka kwangu ni bakuli la maji na nafasi yake. Nilitaka kumpenda kwa namna yangu, kumbe yake alikuwa nayo tayari.

Nyie wenye wanyama wasio wenu, mnaishije nao? Nifundisheni hapo chini. Mimi siku hizi nikiingia stoo yangu mwenyewe, napiga hodi kwanza.