Mtani Alivyolala Mlangoni

Waliomjua Mwanamkuu binti Shomari uzeeni, bibi wa benchi la nyuma asiyeanzisha wimbo hata akiombwa, hawataamini nikisema kwamba ujanani kanisa zima la misheni pale Kisarawe lilikuwa likimngoja yeye afungue kinywa. Alikuwa na sauti, na alijua anayo. Wengine nao walikuwa na sauti nzuri, ila walikuwa na adabu ya kusubiri. Yeye hakumsubiri mtu.

Alibatizwa akapewa jina la Rebeka, lakini jina hilo halikufika kijijini kwao Chole, ambako watu ni Waislamu tangu enzi za mababu. Mama yake, Bi Zena, alipopata habari za ubatizo alilia siku moja tu. Kesho yake akasema, "Dini chagua, mwanangu. Mama hachaguliwi," akaendelea kumpelekea mchele mpya kila msimu.

Basi mwaka mmoja, zamani hizo za Mwingereza, sikukuu ya mavuno ilikaribia na mchungaji mgeni alitazamiwa kutoka Dar es Salaam. Mwanamkuu alikuwa ameshughulika na wimbo mpya wa sifa. Hemedi, mume wa mdogo wake Sikudhani, akatoka Chole kwa miguu akamkuta uani anatwanga mpunga.

"Shemeji, mama anakuita. Homa imemlemea, na jina analotaja ni lako tu."

Mwanamkuu akasimamisha mchi. Moyo ulimwambia nenda. Lakini akamfikiria yule mgeni, akamfikiria mwanamke mwingine akianzisha ule wimbo, na hapo ndipo alipoteleza.

"Mwambie namwombea. Jumapili ikipita nitakuja. Tumtegemee Mungu, shemeji, yeye ndiye mponyaji."

Maneno mazuri kabisa, hata shehe asingeyakataa. Ubaya wake ni kwamba hakuwa akimtegemea Mungu hata chembe. Alikuwa anamtuma Mungu aende Chole badala yake. Naye alilijua hilo palepale, maana Hemedi alipogeuka kuondoka alitwanga kwa hasira mpaka mchele wote ukawa chenga.

Jumapili akaimba. Watu walitikisa vichwa, mgeni akamshika mkono, akamwambia Mungu ametukuzwa. Mwanamkuu akaitikia amina.

Jumatatu alfajiri akashika njia, kuku wa kumpelekea mama yake kwapani. Hajafika nusu ya safari akamwona Hemedi anakuja. Hemedi alipomwona akakaa chini kando ya njia, akavua kofia.

"Jana, jua lilipopanda," akasema. "Tumechelewesha mazishi kwa ajili yako."

Jua lilipopanda. Wakati ule ule alipokuwa amefumba macho anamsifu Mungu. Mwanamkuu hakulia. Alitembea njia yote iliyobaki akitamani mtu ampige.

Alikuta maiti imekwisha oshwa na kuvikwa sanda. Sikudhani, aliyemuuguza mama yao peke yake, alimtazama mara moja tu, akageuka. Hakumpa hata pole.

Wanaume walipoinua jeneza kulitoa nje, Bi Kalunde akajitupa kizingitini akalala chali. Huyu alikuwa Mnyamwezi aliyeolewa hapo kijijini, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Msibani mtani husema lisilosemeka, na anayemkasirikia hujiaibisha mwenyewe. Alikuwa amejifunga kanga ya marehemu, akaiga na sauti ya marehemu, hadi kikohozi chake.

"Mimi Zena sitoki! Nimemwita mwanangu, kanitumia Mungu. Namuuliza Mungu, 'Mwanangu yuko wapi?' Mungu ananiambia, 'Nimemwacha anaimba, wala hakuniona nilipotoka.'"

Watu wakaangua kicheko, kile kicheko cha msibani kilichochanganyika na machozi. Mwanamkuu alihisi ardhi inamkataa. Hakuna mhubiri aliyewahi kumsoma hivyo.

"Nikomboeni!" Bi Kalunde akapiga kelele. "Bila fidia jeneza halipiti!"

Kwa kawaida hapo mtani hupewa chochote, watu wakacheka, akaondoka. Mwanamkuu akamsogezea kuku. Bi Kalunde akamsukuma kuku yule kwa mguu. Mwanamkuu akamvulia kanga yake mpya ya sikukuu, nayo ikarushwa uani.

"Chako sikitaki! Mwenye kosa hajikomboi. Aje mwingine amkomboe, kama yupo!"

Vicheko vikakatika. Shehe alikohoa, na waliobeba wakabadilisha mabega. Mwanamkuu akawatazama shangazi zake, nao wakatazama chini. Akaona kwamba mama yake atazuiliwa mlangoni kwa sababu ya binti asiye na wa kumsimamia, na kwamba yeye binti anastahili kabisa kuachwa hivyo.

Ndipo Sikudhani akapita katikati ya watu. Mkononi alikuwa na bangili ya fedha aliyovikwa na mama yao kitandani, na hakuwa na urithi mwingine. Akaivua, akaiweka katika kiganja cha Bi Kalunde.

"Namkomboa dada," akasema. "Ni wangu huyu."

Bi Kalunde akainuka bila neno la mzaha, na jeneza likapita.

Wanaume walipokuwa makaburini, Mwanamkuu alikaa pembeni. Miaka mingi ameimba habari za Yule aliyelipa deni la watu wasio na cha kulipia, akiimba mpaka paa linalia, na siku zote alidhani wimbo ule unawahusu wengine. Sasa aliuelewa, na kuuelewa kulimuuma kuliko kofi. Akamfuata mdogo wake jikoni.

"Nitakulipa, mdogo wangu. Nina mikorosho yangu, chukua yote."

Sikudhani aliendelea kumenya muhogo wa waombolezaji. "Alikuwa anasikiliza mlango mpaka mwisho, dada. Kila upepo ukigonga anauliza, 'Ndiye?' Nikamwambia uko njiani. Nilimdanganya mama kwa ajili yako."

"Nisamehe."

"Hasira ninayo, na sijui itaisha lini. Lakini bangili nimekwisha itoa. Ukinilipa, utakuwa umemrudisha mama pale mlangoni."

"Basi nifanye nini?"

Sikudhani akafuta kisu kwenye kanga, akampa.

"Kaa umenye muhogo. Watu hawajala."