Jina la Mrina Asali

Jirani yangu wa pekee alikuwa mzee mrina asali, na alikuja kwangu kwa kazi moja tu: kunionya. Siku moja kabla ya kurina alipita boma kwa boma kwenye mtelemko wetu, chini ya soko la Gakindu, akisimama langoni na kofia mkononi. "Kesho jioni fungeni mbuzi mbali, na watoto wakae ndani." Wengi walimpa chai akiwa amesimama hapo hapo. Asali yake waliipenda, wakawapaka watoto walioungua kwa uji, wakailamba wakikohoa. Mwenyewe walimkwepa, ati ananuka moshi na nyuki humfuata njiani.

Mimi sikuwa na nafasi ya kumkwepa. Nilikuwa nimerudishwa kutoka Kangema baada ya miaka sita ya ndoa bila mtoto. Kule waliniita tasa mbele ya wageni, na mume wangu akajifanya anatafuta kiberiti. Baba yangu, Mungu amrehemu, alinipokea bila hata pole, akanikatia kipande cha shamba kule chini bondeni, karibu na miti ya mizinga, mahali ambapo ndugu zangu wote watatu walipakataa. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mabati ya nyumba yangu aliyanunua yeye.

Baba na mrina asali walikuwa rika moja. Walitahiriwa asubuhi moja kwenye mto mmoja, na waliopitia hayo pamoja huitana wakini mpaka kaburini. Hao wawili walikosana kwa sababu ya ndama. Mzee alipita akaonya kama kawaida yake, na baba, kwa ubishi, akamwacha ndama pale karibu na mizinga kwa kuwa nyasi zilikuwa nzuri. Nyuki wakamuua. Mzee alileta mbuzi wawili wa kumfidia, baba akawafukuza hadi barabarani. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Mzee hakuacha kumwonya, lakini sasa alilitangazia lango lililofungwa, kisha akashuka kwangu.

Kwangu alikaa. Nilimpa kiti na chai ya maziwa, naye aliniita "mtoto ya wakini wangu", kana kwamba yeye na baba walikuwa wameonana jana. Siku moja alinionyesha moshi wa majiko ng'ambo ya mto.

"Hizo nyumba zote," akasema, "hakuna moja mahari ilienda bila asali yangu kwa pombe ya wazee. Nimeoza wasichana wa kila mtu. Mimi nikawa nangoja kidogo, nangoja kidogo, halafu nikaona nimezeeka."

Akacheka, nami nikacheka. Kisha akasema, na safari hii hakucheka, kwamba ndugu zake walikufa msituni wakati wa vita vya kupigania uhuru, wote kabla ya kuzaa. "Hii jina yangu itaingia kwa udongo pamoja na mimi."

Kwetu mtoto wa kiume hupewa jina la babu, na kwa jina hilo babu mwenyewe amerudi. Utasikia mama akimwita mtoto wa miaka miwili "baba", na hatanii. Asiye na mjukuu hana pa kurudia. Nikamwongeza chai.

Alifariki mwaka ule wa mvua ya El Niño. Kifua kilimbana, vijana wakambeba kwenye kiti mpaka barabara kuu, akapelekwa hospitali Nyeri, akarudi kwa sanduku. Mhubiri alisoma historia ya marehemu ikaisha mara moja. "Hakujaliwa mke wala watoto," akasema, akafungua kitabu cha nyimbo. Baba hakushuka kaburini. Alisimama juu kule katikati ya mibuni yake, ametupa mgongo. Nilimkasirikia.

Baada ya hapo hakuna mtu aliyepita tena kwangu. Nilikuwa nikikaa nje jioni na kujisemesha kwa sauti, ili nisikie tu mtu akizungumza. Upweke ule simwombei hata adui yangu.

Ndipo akaja fundi wa mawe aliyejenga shule ya chekechea. Habari zake ni fupi: alihamia Kerugoya na pimamaji yake, akaniachia mimba. Mimi, tasa wa Kangema! Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikalia.

Nikapata mvulana. Mwanamke asiye na mume akizaa mvulana, jina ni la baba mzazi wa mwanamke huyo. Hilo halina mjadala. Baba alishuka na mkungu wa ndizi begani, ameshajua jibu, akauliza mtoto anaitwa nani. Nikamtajia jina la mrina asali.

"Ati nani?"

Nikarudia.

"Watu watasema ni mtoto yake. Watu hawahesabu miezi."

"Wacha waseme. Wewe baba uko na wajukuu watatu wa jina yako. Yeye hana hata mmoja."

"Unapatia mtoto jina ya mtu hakuoa? Unataka akae peke yake kama yule?"

Hapo alinichoma, kwa kuwa hofu hiyo nilikuwa nayo mimi kabla yake. Nilikuwa nimekesha nayo. Nikamwambia nimeshamwita, basi.

Akaweka mkungu chini. "Hiyo shamba umekaa ni yangu," akasema, akapanda zake.

Kila asubuhi nilifungua mlango nikitarajia kuwaona ndugu zangu na vigingi vya kupimia shamba, wamekuja kunitoa. Wake zao hawakuja kumwona mtoto. Mtoni wanawake waliinua ndoo zao nilipofika, wakanong'ona kwamba sasa imejulikana chai ile ilikuwa ya nini. Nilimbeba mwanangu mgongoni na kumwita jina lake kwa sauti wasikie, kisha nikifika nyumbani naogopa. Je, kama baba alisema kweli? Je, kama nimempa mtoto wangu maisha ya mtu wa kunywa chai akiwa amesimama?

Mtoto alikuwa ameshaanza kuketi mwenyewe baba aliposhuka tena. Alikuja peke yake, bila vigingi. Hakunisalimu. Mtoto alikuwa juani juu ya gunia, mimi mlangoni na unga mikononi. Baba akajishusha polepole, akaketi chini kwenye udongo, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Wakatazamana.

"Wakini," baba akamwita.

Mtoto akamshika kidole.

"Wakini, mimi nilikuwa nakuja. Kila siku nilikuwa nasema kesho nitaenda kwake. Wewe hukuningoja."

Nikarudi ndani jikoni, nikarudisha mlango, nikawaacha wazee hao wawili wazungumze.