Nani Kafungua Boneti

Mafundi wa magari siwaamini, na sijaomba mtu anifundishe kuwaamini. Kwa hiyo siku ile nilipobonyeza kitufe cha kiyoyozi na kitaa chake kisiwake, mwizi nilishamjua: fundi wangu wa hapa Bariadi, aliyelishika gari wiki iliyotangulia. Nilibonyeza tena. Feni ikapuliza hewa ya moto, basi.

Kesho yake nilitakiwa kwenda Mwanhuzi kumchukua mama mkwe, nimlete kliniki ya kifua. Dawa zake zilikuwa zinaishia. Kliniki iliyopita hakuja. Alituma salamu kwamba ana pamba ya kuokota. Mtu anahema akivuka ua tu, eti pamba! Niliona kuna jambo nafichwa. Daktari alishasema vumbi ni adui wake, na barabara ile ukifungua dirisha unakula vumbi, ukifunga bila kiyoyozi unaiva.

Nilimkuta fundi chini ya trekta.

“Umechomoa nini kwenye gari langu?”

Alitoka taratibu, akafuta mikono. “Mwangaluka,” akanisalimu kwa Kisukuma, makusudi, akanitazama mpaka nikaitikia. Kisha akapima gesi: ipo. Akakagua waya za kompresa: nzima. Akafungua kisanduku cha fyuzi ndani ya boneti, akaguna. Tundu moja lilikuwa tupu.

“Ingeungua ingekuwa hapa hapa. Hii imechomolewa.”

“Na wewe.”

“Nikaiuze wapi, bosi? Kikulacho ki nguoni mwako.”

Alitaka kuniwekea nyingine, nikakataa. Nilitaka kwanza nimjue mtu wangu. Njia nzima niliwapitia kichwani mmoja mmoja: waosha magari, jirani aliyeliazima kwenda harusini Nyalikungu, hata mchungaji aliyeegemea boneti Jumapili akiongea muda mrefu kuliko kawaida yake.

Nyumbani mke wangu alikuwa anachagua mchele.

“Nani kafungua boneti?”

Hakuinua kichwa. Mwanamke huyu huwa ananijibu kabla sijamaliza kuuliza. Aliweka ungo chini, akaenda kwenye kopo lake la vifungo na sindano, akarudi akaniwekea fyuzi kiganjani.

“Wewe? Umejuaje ni hii?”

“Si wameandika kwenye kifuniko?”

Nikamwambia anataka kumuua mama yake kwa vumbi. Hasira zilinipanda kweli.

“Safari ya mwisho ulimpuliza baridi kutoka Mwanhuzi mpaka hapa,” akasema. “Alijifunika vitenge viwili, kifua kikambana usiku kucha. Akaniambia hapandi tena gari lile, bora afie kwake.”

“Si angesema nizime!”

“Akuambie yeye? Wewe mkwe wake?”

 Kwetu mama mkwe hanitazami usoni, hali mbele yangu, sembuse kuniamuru nizime kitu ndani ya gari langu.

“Na wewe je?”

“Nilikuambia. Ukasema gari lako unalijua.”

Kesho yake tulikwenda wote wawili, fyuzi ikiwa kwenye kopo la vifungo. Mke wangu alikuwa amemtumia mama yake ujumbe kwamba kiyoyozi kimekufa. Mama mkwe alipanda nyuma, kitenge kimoja tu mabegani, uso upande wa dirisha. Nilifunga vioo vyote nikaendesha. Joto lile simwombei mtu. Kabla ya Maswa shati lilikuwa limegandamana na kiti.

Ndipo nikamsikia nyuma yangu, kwa Kisukuma, akimwambia binti yake, “Mwambie mumeo afungue kioo chake kidogo. Vumbi la dirisha moja haliniui.”

Nilisikia kila neno. Nilingoja mpaka mke wangu anifikishie, ndipo nikafungua.

Kliniki iliyofuata hatukufika hata kwake. Tulimkuta barabarani, amekaa juu ya mkoba wake, anatungoja.