Watoto wa Kadhi

Juzi nilipita Dunda kuiona nyumba ya babu, nikashindwa kuingia. Mlango una makufuli mawili, moja la baba, moja la ami yangu, na kila mmoja ana ufunguo wa lake tu. Hivi we umeshayasikia wapi haya? Bati limeoza, popo wamehamia, na wenye nyumba wako hai wanakunywa kahawa, huyu mtaa huu, yule mtaa ule.

Babu alikuwa kadhi, na minazi yake ilitapakaa Zinga. Watu walitoka hadi Fukayosi kuja kugawiwa mirathi barazani kwake. Na sisi wajukuu alituhukumu vilevile. Nikigombania ukoko na binamu yangu, babu anasimamisha chakula: nani kaona, shahidi yuko wapi. Samaki wa nazi anapoa, mate yanatujaa kinywani, bibi anang'aka kutoka jikoni, "Watoto wana njaa hawa, hawana kesi." Hukumu ikishatoka, aliyeshinda na aliyeshindwa lazima wale sinia moja, magoti yakigusana. Nilichukia mno. Leo natamani hata ile karaha.

Babu alipofariki, kugawa nyumba na shamba ilikuwa kazi ya asubuhi moja kwa kadhi yeyote. Lakini wapi. Baba akasema watoto wa kadhi hawaendi kukaa mkekani kwa kadhi mwingine, mji mzima utawacheka. Ami naye akasema hivyohivyo. Ndilo jambo pekee waliloafikiana. Basi wakakaa, kila mmoja akingoja mwenzake ashindwe kwanza, mpaka wakaacha hata kusalimiana. Wamenichosha, wallahi. Nimebembeleza, nimelia, nimenuna. Naambiwa niache mambo ya wakubwa, mimi na mvi zangu hizi.

Leo asubuhi sokoni, binti yangu alimwamkia mzee mmoja kwenye meza ya dagaa. Mzee akaitikia marahaba kwa upole, akamwuliza, "Mtoto wa nani wewe, mama?" Alikuwa ami. Mimi nilikuwa nyuma yao, nachagua mchicha. Binti akamtaja babu yake, baba yangu, kwa fahari kabisa. Ami akarudisha dagaa mezani, akaondoka.

"Mama, nimemkosea nini yule mzee?"

Nikamwambia yule naye ni babu yake, ndugu wa toka nitoke na baba yangu. Akacheka. Alidhani namtania.