Kinini cha Moyo na Picha ya Mume Wangu

Moyo wangu haujawahi kuwa na adabu. Tangu usichana unapiga unavyotaka: unakimbia, unasimama kidogo, kisha unarudi kwa fujo kana kwamba umesahau kitu nyumbani. Dokta mmoja wa Beni aliniambia kwamba homa ya viungo niliyougua nikiwa mtoto ndiyo iliyoshuka moyoni ikaharibu mlango wa ndani. Akanipa kinini, kidonge cheupe, kidogo kuliko punje ya mahindi. Kimoja kila asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi na Jumapili nisikiguse, maana hakitoki mwilini upesi, na kikirundikana kinageuka sumu. Mimi nilielewa. Mamamkwe, aliyekuwa ameketi pembeni yangu, alielewa kivyake. Tulipotoka alisema amefurahi kusikia dawa ya wazungu inayoheshimu siku ya Bwana.

Vita ilitukuta hukohuko Beni. Mume wangu alikuwa mwalimu huko Mbau, na risasi ziliposogea akatupakia mimi na mama yake kwenye lori la Butembo, yeye akabaki. Alisema hawezi kuacha shule kabla hajajua wanafunzi wake wamekimbilia wapi. "Mutangulie," alisema, "mimi niko nyuma yenu." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia wanafunzi wana baba zao. Alicheka, akampa mama yake picha aliyopigwa mbele ya ubao wa darasa, amevaa shati jeupe, eti tusisahau sura yake mpaka Jumapili.

Aliyepita barabara ile wakati ule anajua bariyeri zilivyokuwa. Askari walifungua kila kifurushi, na kitu walichokipenda kuliko vyote kilikuwa dawa. Kwa hiyo wagonjwa walikuwa na desturi yao, na madereva waliijua. Wetu alipunguza mwendo kabla ya kona, akatoa kichwa dirishani, akasema bila haraka, "Wenye dawa, mumeze." Basi watu wakameza. Mzee wa presha akameza, mama wa sukari akameza, kila mtu anatafuna vyake kimya akitazama barabara. Kilichomo tumboni hakuna askari wa kukitoa. Mimi nilimeza vinini vyote vilivyokuwa kwenye leso yangu, vya juma zima.

Kumbe nilimeza bure. Chupa yenyewe, ikiwa na vilivyobaki, mamamkwe alikuwa ameifunga ndani ya kilemba, na askari aliyempekua alimwita mama akamwacha apite. Aliitoa tulipofika Butembo, akaiweka mezani mbele yangu na kunitazama. "Ungeniuliza," alisema.

Siku zilizofuata chakula kilininukia vibaya. Fufu, majani ya sombe, hata chai. Nilidhani ni huzuni. Halafu asubuhi moja nilifungua mlango na ukuta wa jirani, uliopakwa chokaa, ulikuwa wa manjano. Kuku mweupe wa mamamkwe naye alikuwa wa manjano. Nilijipangusa macho kwa maji, nikatazama tena, kuku akanitazama na yeye. Nilipogeuka ndani niliona picha ya mume wangu juu ya kabati. Shati lilikuwa linang'aa, na mng'ao ulikuwa umetoka kwenye shati ukazunguka kichwa chake chote.

Nililalamika tu, sikuwa na nia nyingine. "Mama, hii picha imeshika rangi."

"Rangi gani?"

"Ya ndizi za makemba zenye kuiva. Inazunguka kichwa."

Alikuja, akaishika picha, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Yeye hakuona kitu. Hakunibishia. Alikwenda chumbani, akakaa sana, akarudi na picha ya marehemu mume wake, ile ya zamani iliyogeuka kahawia, akaiweka mbele ya macho yangu. "Na huyu?"

Nikatazama. "Huyu hapana. Hana kitu."

Mamamkwe aliketi kwenye kigoda, akaweka picha mbili mapajani, ya mfu kushoto, ya mwanawe kulia. Alianza kutabasamu. Nilielewa anachofikiri kabla hajakisema, kwamba mwenye mng'ao yu hai, na nilitaka kiwe kweli.

Hatukuwa tumepata neno lolote kutoka Mbau. Kila tulipokwenda kwenye foni, ile redio ya kusemea ambako watu walipanga mstari kuulizia ndugu zao, tulijibiwa kwamba upande ule haujibu. Walioshuka kutoka huko walisema mambo ambayo sitayaandika. Sasa mamamkwe alikuwa amepata foni yake ndani ya nyumba, na foni hiyo ilikuwa macho yangu. Alitambua pia, kwa akili yake ya haraka, mwangaza ulianza lini: baada ya vinini vile nilivyomeza barabarani. Jumamosi iliyofuata alinijia na kikombe cha maji na kinini.

"Mama, leo ni Jumamosi."

"Vita haina Jumamosi. Meza."

Nikameza. Wala sitamsingizia mwanamke yule. Nilimeza kwa sababu na mimi nilitaka kuamka kesho nione shati linawaka. Kila asubuhi aliniuliza neno moja tu, kabla ya salamu, kabla ya moto: "Iko?" Nami nilijibu, "Iko, mama." Ndipo siku ilianza.

Habari haikukaa ndani ya ua. Wanawake wa chumba cha maombi walianza kupita, mmoja mmoja, na picha ndani ya Biblia au ndani ya kikwembe walichojifunga. Wengi wa waliopigwa picha walivaa vizuri, mashati meupe, gauni za harusi, na nyingi ziling'aa, na wenyewe walirudi kwao wakiimba chinichini. Niliona haya, lakini nilisema nilichokiona. Kisha akaja mama mmoja jirani, mpole, mwenye picha ya kaka yake. Shati la kaka yake lilikuwa jeupe kama la mume wangu, picha ilikuwa mpya kama ya mume wangu. Nikaitazama, nikaigeuza, nikaipeleka mlangoni. Ilikuwa picha tu. Yule mtu alinitazama kutoka mle akiwa na sura ya mtu aliyeambiwa akae hapo asubiri.

"Sema tu," alisema yule mama.

"Sioni kitu, mama."

Aliikunja ndani ya kikwembe, akasema "Wasingya," shukrani ya kwetu, akaondoka bila kunilaumu. Foni ilimletea habari baadaye. Kaka yake alikuwa amezikwa na watu wasiomjua, zamani kabla yule mama hajaniletea picha ile. Tangu siku hiyo niliogopa macho yangu. Niliogopa hasa kupita karibu na kabati nikiwa peke yangu, nikawa napita nimegeuza uso ukutani.

Nilianguka nikiwa namenya makemba. Nakumbuka kisu kikiteleza na sauti ya mamamkwe ikiniita kutoka mbali, ingawa alikuwa mbele yangu. Vijana wa mtaani walinipeleka hospitali juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, mimi nimelala kwenye mbao pale wanapopakia makaa, mamamkwe anakimbia pembeni akiwafokea wapunguze mwendo mteremkoni. Ndege ilikuwa inashuka uwanjani Rughenda, na hata ndege ilikuwa ya manjano.

Dokta alikuwa mtu wa mkoa mwingine, Kiswahili chake kimechanganyika na Kilingala. Alinishika mkono chini ya kidole gumba akahesabu mapigo. Alihesabu mpaka nikaanza kumkasirikia. Halafu akauliza, "Mama, vitu vyeupe unaviona rangi gani?"

Nilishtuka. Sikuwa nimemwambia lolote.

"Manjano," nikasema.

"Na Jumamosi unapumzisha kinini?"

Nilimtazama mamamkwe. Mamamkwe alitazama dirisha.

Dokta alituelezea polepole, kama mtu aliyezoea kurudia. Kinini kile kinapunguza mbio za moyo, lakini kikizidi kinaukaba. Kabla ya kuukaba kinapita kwenye macho, na mgonjwa anaona manjano, anaona duara kwenye taa, kwenye vichwa vya watu. Alishaona wengi. "Moyo yako iko inachoka kupiga," alisema. "Ukiendelea vile, itasimama. Uache kabisa kwanza. Kisha tutarudia na nusu."

"Akiacha," mamamkwe aliuliza, "ile mwangaza itatoka?"

"Itatoka, mama. Ndiyo tunataka itoke."

"Basi mutoto yangu atakufa."

Dokta alidhani anazungumza juu yangu, akamshika bega. "Hapana, mama. Akiacha, ataishi." Sikumuuliza kwa nini picha ya kaka wa jirani haikung'aa. Nilikuwa na swali hilo mdomoni, nikalimeza nalo.

Nyumbani mamamkwe hakunisihi. Ingekuwa afadhali angenisihi, ningegombana naye, kugombana ninakujua. Kila asubuhi aliweka kinini kwenye kisahani, akakiweka kabatini mbele ya picha, na kikombe cha maji kando. Halafu alitoka nje kufagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa. Mimi nilibaki na kinini, picha na moyo wangu unaopiga mara moja ukisita kana kwamba unauliza. Nikikimeza, nitamwona mume wangu kesho na huenda kesho kutwa nisiwepo. Nikikiacha, nitaishi, ila sitajua naishi na mume au na shati. Nililia pale, nalisema wazi. Nilimtukana mume wangu na wanafunzi wake wote. Kisha nikakirudisha kinini ndani ya chupa.

Mwangaza ulitoka kidogo kidogo. Ukuta wa jirani ulirudi kuwa mweupe kwanza, halafu kuku. Picha ndiyo iliyokawia, ikabaki na duara jembamba pembeni mwa sikio. Halafu asubuhi moja niliamka nikaona shati ni shati. Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya ubao wake, bila kitu, kama yule kaka wa jirani. Nilisikia miguu ya mamamkwe ikija.

"Iko?"

"Iko, mama," nikasema.

Alitazama kisahani, kinini bado kipo. Akanitazama mimi. Uso wake ulifunguka taratibu. "Umeona? Haikuwa kinini. Ni Nyamuhanga, Mungu mwenyewe." Akachukua kisahani akaenda kukiosha, na tangu siku hiyo hakuniwekea tena kinini mbele ya picha. Wanawake wa maombi walinijia wawili zaidi, nikawaambia macho yamechoka. Yeye tu ndiye niliyemjibu. Kila asubuhi, mvua ikinyesha, risasi zikisikika upande wa milima, aliuliza, nami nilijibu, na kila siku neno lile lilizidi kuwa zito mdomoni. Dokta alinirudishia nusu kinini na mapumziko yangu ya Jumamosi na Jumapili. Moyo ukatulia kwa namna yake.

Alikuja alasiri, mvua imekatika muda si mrefu. Nilikuwa natwanga sombe. Mtu alisimama penye mlango wa ua, ndevu zimemjaa, amevaa sweta la kike lililotoboka, matope mpaka magotini. Alitutazama bila kuingia. Akasema, "Mama."

Mchi ulibaki mkononi mwangu. Mamamkwe hakusogea. Lazima mjue tulikuwa tunaishi kwenye maneno gani wakati ule. Watu walisimulia kwamba wale waliokufa bila kuagwa hupita kwao mara moja, wanasimama mlangoni hivyohivyo, wanaita jina moja, na ukiwakaribisha wanakwenda zao nawe unabaki na baridi ndani ya nyumba. Mamamkwe aliinuka, akaingia ndani, akatoka na picha. Aliisogeza karibu na uso wa yule mtu, akaitazama picha, akamtazama yeye, uso mnene na uso mkavu. Halafu akanigeukia mimi.

"Iko?"

Nilimtazama. Nilimtazama kwa namna ambayo sijawahi kumtazama mtu. Palikuwa na matope, na maji yakidondoka kwenye ndevu, na nyuma yake barabara tupu. Hakuna rangi popote. Moyo wangu ulikimbia, ukasimama, na katika kule kusimama, nawaambia ukweli, hata mimi sikujua ni nani aliyesimama pale.

"Iko, mama," nikasema.

"Basi ingia, mutoto yangu," mamamkwe akamwambia. "Vua viatu, nyumba imefagiwa."

Alikula kwa mkono wa kulia, haraka, bila kusema alikotoka. Niliketi karibu yake, nikauchukua ule wa kushoto, nikaweka vidole viwili chini ya kidole gumba, pale dokta alipokuwa akinishika mimi. Mwanzoni sikusikia kitu. Nikabonyeza zaidi, ndipo nikausikia mshipa unapiga. Mamamkwe aliniuliza natafuta nini kwenye mkono wa mtoto wake, nikamwambia hakuna, mama. Sikuuachia mpaka fufu ilipopoa.