Mashahidi wa Maji ya Sukari

Neno lililoniharibia maisha nililitafsiri mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikiwa nimevaa suruali iliyopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Kalamu moja ilikuwa haiandiki. Niliibeba kwa ajili ya heshima.

Nilikuwa karani na mkalimani katika kituo cha utafiti kando ya ziwa, hapa Uvira, katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Mkubwa wangu alikuwa mzungu mmoja mwembamba aliyekuja kupima Tanganyika. Kila asubuhi alishusha kipimajoto majini kwa kamba, akakivuta, akasoma, nami nikaandika daftarini. Maji ya juu, maji ya chini, upepo ulikotoka, ndagala, ndio dagaa wetu, walionaswa. Wavuvi walimtazama wakatingisha vichwa, kwa sababu mambo hayo walikuwa wakiyajua tangu utotoni na hakuna aliyewauliza. Baada ya mwaka mmoja ziwa likamchosha. Akageukia watu.

Alianza na mioyo. Alitaka kujua kama moyo wa mtu wa milimani unapiga sawa na wa mtu wa pwani ya ziwa. Basi wanaume kadhaa wa Lemera wakaitwa wateremke waje kupimwa. Walitembea kutwa kwenye vijia vya mlimani, wakafika wakihema, na kabla hawajapewa hata kikombe cha maji mzungu akawashika viganja na kuhesabu mapigo. Akaandika kwamba moyo wa mtu wa milimani hupiga kwa haraka ya ajabu. Nami nikanakili kwa mwandiko mzuri. Mimi pia nilikuwa mtu wa sayansi.

Kisha ikaja siro, dawa ya maji. Ilitoka Ulaya kwenye sanduku la mbao, chupa baada ya chupa, na ilisemekana inaongeza damu na nguvu za miguu. Mzungu aliamua kuijaribu kwa timu ya mpira ya mtaa wa Mulongwe, watu ishirini. Kumi wangekunywa siro yenyewe kila asubuhi. Kumi wangekunywa maji ya sukari yaliyotiwa rangi ileile ya kahawia, bila kujua. Halafu wote wangekimbia kutoka daraja la Mulongwe mpaka Kavimvira na kurudi, nami ningesimama darajani na saa ya mbio. Ile saa niliipenda kuliko nilivyowapenda watu wengi.

Kaka yangu alikuwa beki wa timu hiyo. Alikuwa fundi wa baiskeli, na ndiye aliyenilea tangu baba yetu afariki. Alikuwa na mikono ya chuma na ulimi wa mtoto. Kitu chochote kichungu kilimshinda. Alipougua malaria mama alimbana pua ndipo ameze kwinini, na wakati huo alikuwa tayari ameoa. Chai yake ilikuwa sukari iliyoloweshwa kidogo.

Siku ya kugawa timu, majina yaliandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa ndani ya kofia ya mzungu. Kumi wa kwanza kutoka kofiani ndio wangekunywa siro. Bahati tu ichague, alisema, bila mkono wa mtu. Kisha akaitwa nje kuangalia pipa la samaki lililokuwa likivuja, akaniachia kofia. Jina la kaka yangu lilitoka la tatu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuonja chupa zote mbili jana yake, kwa ajili ya sayansi. Siro ilikuwa chungu hata machozi yalinitoka. Nikakitazama kikaratasi, nikautazama mlango. Nikatoa ndani ya kofia kikaratasi kingine, cha kipa, mtu mmoja wa kelele nyingi ambaye hakuwa na undugu nami wowote, nikakiweka mahali pa kaka yangu. Kaka nikampeleka kwenye sukari. Damu nzito kuliko maji, nilijiambia, nikafurahi kabisa.

Mzungu aliporudi alisimama mbele ya wale kumi wa sukari, akaniambia kwa Kifaransa, “Waeleze kwamba hawa ni kundi la *témoin*.” Leo najua maana yake katika kazi ile. Ni wale wasiopewa dawa, ili wenye dawa walinganishwe nao. Lakini siku ile nilichokuwa nacho ni kamusi ya mapadri, na kamusi ya mapadri ilisema *témoin* ni shahidi. Kuuliza ningeonekana sijui. Nikanyoosha shati, nikatangaza, “Nyinye kumi muko mashahidi.”

Watu wakatazamana.

“Mashahidi ya nini?” kaka yangu akauliza. “Minye sijaona kitu.”

“Nani iko nashitakiwa?” mwingine akasema, akarudi nyuma hatua moja.

Winga wa kushoto, ambaye Jumapili alikuwa katekista, akacheka. “Kwa kanisa, mashahidi ni bale batu balikufa.”

Wote wakaangua kicheko, mimi zaidi. Kisha nikawaeleza kwa sauti ya mwalimu kwamba kazi ya shahidi ni kuona, basi waone. Hilo mzungu hakulisema. Nililitunga palepale, kwa sababu watu walikuwa bado wananitazama.

Asiyejua maana haambiwi maana, lakini watu wa Mulongwe ukiwapa maana watakupeleka nayo mbali. Mashahidi walianza kazi siku ileile. Kila asubuhi walinijia na ripoti. Fulani, mnywa siro, jana alikunywa kasiksi mpaka akaimba. Fulani alitoka kwa jirani kupitia dirishani. Fulani anaitema siro nyuma ya mgomba. Mzungu alipoona wanazungumza nami kwa bidii aliniamuru niandike kila wanachosema, akidhani wananieleza habari za tumbo na usingizi. Nikaandika. Juu ya ukurasa nikachora kwa herufi kubwa, kwa rula, MASHAHIDI, na chini yake majina yao kumi. Ulikuwa ukurasa mzuri kuliko yote niliyoandika maishani. Kaka yangu peke yake hakuleta ripoti hata moja. “Siwezi shitaki batu ya timu yangu,” alisema, akanywa sukari yake, akakimbia.

Na kwenye mbio ndipo yalipotokea makubwa. Mashahidi wakawa wanashinda. Ilikuwa lazima washinde, kwa kuwa shahidi asiyemfuata mtu karibu ataona nini? Waliwaganda wanywa siro mpaka Kavimvira, pumzi shingoni mwao, na wakati wa kurudi wakawapita ili wafike kwangu mapema kutoa habari. Mzungu alinusa chupa. Alipima upepo. Alilaumu jua, akalaumu ugali, mwishowe akaandika kurasa nyingi kuhusu maajabu ya sukari katika misuli ya watu wa ziwani. Mimi nilijua sababu, nikanyamaza, maana kuisema ningelazimika kueleza na tafsiri yangu.

Uhuru ulipofika, mzungu alinishika mkono kwa mara ya kwanza. Nilidhani anapima mapigo, nikakaa kimya asikosee kuhesabu. Majuma machache baadaye askari walianza kuwakataa wakubwa wao, na mzungu akavuka kwenda Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, na samaki wake ndani ya chupa, na saa ya mbio. Aliniachia funguo na daftari. “Tunza matokeo,” alisema. Nikayatunza. Nilijifanya mkurugenzi wa kituo kisicho na mshahara wala kipimajoto. Asubuhi niliingiza mkono ziwani, nikaandika, “Vuguvugu.”

Hivyo ndivyo uasi dhidi ya serikali ulivyonikuta, miaka michache baadaye, na kalamu zangu mbili.

Waasi nao walikuwa na dawa yao. Mganga wao aliwachanja chale, akawanyunyizia maji, na risasi za serikali zingegeuka maji zikiwagusa. Walikwenda vitani wakipiga kelele, “Maji! Maji!” Ila kulikuwa na masharti. Usiguse mwanamke. Usiibe. Usitazame nyuma. Aliyekufa alikuwa amevunja sharti, na hakuna maiti aliyewahi kubisha. Nilitazama nikacheka moyoni. Siro ya mzungu iliposhindwa, kosa lilikuwa la upepo. Dawa ya mganga iliposhindwa, kosa lilikuwa la marehemu. Nikawaza pia kwamba mganga hakuweka kundi la kulinganisha, watu waliochanjwa kwa masizi matupu, na kwa hiyo kazi yake haina thamani. Nilijiona mwerevu sana. Nyani haoni kundule.

Siku moja walikuja kituoni kutafuta redio. Hawakuipata. Walipata daftari.

Mwandishi wa kamanda wao alikuwa amesoma miaka mitano kwa mapadri, na mwandiko wangu ulisomeka vizuri, jambo ambalo nilikuwa nimelionea fahari siku zote. MASHAHIDI. Majina kumi. Chini yake nani alikunywa nini, nani alitoka dirisha gani, asubuhi gani, na yote yameandikwa ndani ya nyumba ya mzungu. Hata mimi ningeusoma ukurasa ule leo, ningesema hao ni wapelelezi.

Tisa kati ya wale kumi walikuwa wamekwisha kukimbilia Burundi au milimani. Aliyebaki alikuwa kaka yangu, kwa sababu waasi walikuwa na baiskeli nyingi na baiskeli zinahitaji fundi. Walimkamata akiwa na koleo mkononi, anawazibia wao wenyewe tairi.

Niliitwa asubuhi, kwenye ua wa nyumba ambayo kamanda alikuwa ameichukua. Kaka yangu alikuwa amepiga magoti, mikono imefungwa nyuma. Midomo yake ilikuwa imekauka. Niliogopa hata nikasahau kusalimu.

“Weye njo uliandika hii?” kamanda akauliza.

“Ndiyo, mukubwa.”

“Na huyu iko shahidi ya muzungu. Alishitaki nani?”

“Hakushitaki mutu, mukubwa. Minye niliandika mubaya. Shahidi hapa haiko shahidi.” Maneno yote ya kamusi ya mapadri yalinikimbia. “Ni mutu mwenye hakupewa dawa. Bengine balipewa dawa, huyu alipewa maji.”

Waasi waliokuwa uani wakageuka kututazama.

“Maji?” akasema kamanda.

“Maji ya sukari tu, mukubwa.”

Lakini neno la sukari lilikuwa limechelewa. Alisimama. Mganga, aliyekuwa kibarazani, naye akasimama. “Muzungu alikuwa na maji,” kamanda alisema polepole. “Na bale ba maji balikimbia namna gani?”

Ningeweza kusema walishindwa. Ningeweza kusema waliugua. Lakini niliulizwa matokeo, na mimi ndiye mtunza matokeo. “Balishinda,” nikajibu. “Kila siku.”

Kamanda alicheka kwa furaha. Akaamuru kamba ikatwe, akamkumbatia kaka yangu. Nami nilicheka, nikijua nimemwokoa kwa ulimi wangu. Ndipo nikamsikia akiwaambia watu wake, “Huyu iko na maji tangu zamani. Mumuweke mbele.”

Waliondoka siku ileile kuelekea bonde la Ruzizi, kupambana na jeshi. Hawakumpa hata bunduki, kwa kuwa mtu mwenye maji ya miaka mingi haihitaji. Walimchanja chale chache kwa adabu, wakampa tawi la mti ashike. Koleo lilikuwa bado mfukoni mwake. Aliponipita alisimama kidogo.

“Weye na Kifaransa yako,” aliniambia.

Hakurudi. Mama alimwendea mganga mwenyewe, akamwuliza mbele za watu, mwanangu alikuwa na maji, ilikuwaje? Mganga alimjibu kwamba mwanawe alivunja sharti, alitazama nyuma. Sikumwamini mganga katika neno lolote lingine, ila hilo nililiamini. Nyuma ndiko nilikokuwa mimi.

Nilikaa miaka mingi bila kuandika kitu. Daftari walilichukua, na mzungu, nasikia, alichapisha habari zake za sukari huko kwao na watu wakampongeza. Nilifundisha shule, nikastaafu, na sasa nina mguu mbaya, nachukua motari, pikipiki ya abiria, kwenda sokoni Mulongwe ingawa ningeweza kutembea.

Pale sokoni yupo kipa. Bado ana kelele. Anauza ndagala wakavu, na wajukuu wake wanamzunguka mpaka huoni meza. Kila anaponiona anaanza wimbo wake uleule.

“Muone huyu! Siro yake ilikuwa muchungu, batu bangu, muchungu! Benzangu banakunywa sukari, minye nakunywa sumu. Nilikukosea nini, weye?”

“Pole, ndugu yangu,” namwambia.

“Pole, pole! Mungu anakuona.”

Watu wanacheka, naye anacheka kuliko wote. Sijamwambia mpaka leo kwamba sukari ilikuwa yake. Ananipimia ndagala, halafu anaongeza kiganja kizima cha matabisi, bure, kwa ajili ya urafiki wa zamani, nami nafungua mfuko napokea.