Kura ya Kumwondoa Karani

Mimi mbwa siwapendi. Naanza na hilo ili mtu asije akanihurumia bure. Mbwa ananuka, anabweka bila sababu, na ukimfukuza anakutazama kana kwamba mgeni ni wewe. Kwa hiyo mtaa wetu ulipopiga marufuku kufuga mbwa, sikulia. Kinachonila mpaka leo ni jinsi kura ile ilivyopatikana.

Shangazi yangu, dada yake baba, ni fundi cherehani. Nyumba yake ni ya tatu kutoka kwangu, kwenye safu ya nyumba zilizoshikana kuta kiasi kwamba ukipiga chafya huku, kule wanakuombea afya. Chumba chake cha mbele ndicho kiwanda. Kuna cherehani ya kukanyaga, ya umeme ya kupindia pindo, na meza ya kukatia ambayo marehemu mume wake aliijengea ukutani, chini ya dirisha la uani, ili apate mwanga. Meza hiyo haihamishiki, na anayekata nguo pale huupa mlango mgongo.

Watu walimsifu kwa jambo moja: hapokei kazi ya mdomo. Mteja akija hukabidhiwa daftari na kalamu. "Andika mwenyewe," humwambia. "Shingo, mikono, urefu, na siku unayoitaka. Mali bila daftari huisha bila habari." Wakasema huyo ndiye fundi, si hawa wa kukushonea gauni la harusi likawa tayari bibi harusi ana mjukuu.

Ukweli niliujua mimi peke yangu. Shangazi alikuwa hasikii. Niligundua siku nilipoangusha sufuria nyuma yake, mfuniko ukazunguka sakafuni mpaka ukachoka, naye anaendelea kutunga uzi. Alipogeuka akanikuta nimeduwaa.

"Umeona," akasema. "Basi funga mdomo."

Nikaufunga. Tangu siku hiyo, penye watu wengi nilikaa ubavuni kwake. Nikicheka, anacheka; nikisimama, anasimama. Uso kwa uso alisoma midomo vizuri kuliko mimi ninavyosoma gazeti. Shida ilikuwa mgongo, na mgongo ulikuwa na mlinzi wake, Karani.

Karani alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limelala, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyemwona bosi bila kupitia kwake. Mtu akibisha hodi, Karani alibweka mara mbili, kisha akaenda kumgusa shangazi goti kwa pua. Shangazi aligeuka na tabasamu, "Karibu, karibu!" kama mtu aliyesikia hatua zako tangu njiani. Wateja walidhani mbwa amewekwa kwa ajili ya wezi.

Lakini akitoka kazini, Karani alikuwa mhuni. Siku moja alishusha shuka langu jipya kwenye kamba, akalitandika kwenye tope, akalala. Nililifua mara tatu, doa halikutoka. Nilipomlalamikia shangazi, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanipa shuka lake la zamani. Sikutaka shuka, nilitaka amgombeze mbwa. Nikaweka kinyongo, na kinyongo changu mimi hakifi kwa njaa.

Sikuwa peke yangu. Mbwa wa nyumba ya kona alikuwa amemng'ata mtoto wa dereva, akashonwa nyuzi saba pajani. Njia nzima ilikuwa uchafu wa mbwa. Waliotaka mbwa waondoke walikuwa na hoja, na sitasema vinginevyo eti kwa sababu nimeumia.

Mkutano ulifanyika Jumapili alasiri kwenye darasa la chekechea, watu wazima tumekalia viti vya watoto, magoti yamegusa kidevu. Mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu, ana masharubu yanayofunika mdomo wa juu na robo ya mdomo wa chini, na siku hiyo alisoma kwenye karatasi, kichwa chini. Nilijua shangazi haambulii hata neno. Tukapiga kura ya siku za kuzoa taka, nikanyoosha, akanyoosha. Kura ya taa za njiani, vilevile. Kisha mwenyekiti akasoma kwamba kuanzia mwisho wa mwezi, hakuna kufuga mbwa katika mtaa huu.

"Amekosa mmoja, mnawahukumu wote?" mzee mmoja akauliza nyuma yetu.

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza," akajibiwa, na watu wakacheka.

"Wanaokubali?" akauliza mwenyekiti.

Nikanyoosha mkono. Niliunyoosha kwa ajili ya lile shuka, nisiseme uongo. Ulipofika juu ndipo nikaona mkono wa shangazi unapanda pembeni yangu. Darasa likaangua kicheko, kisha makofi. "Hata mwenye mbwa amechoka!" mtu akapaza sauti. Shangazi, alipoona nyuso zote zimemgeukia kwa furaha, akatabasamu na kuunyoosha zaidi.

Kumshika kiwiko ni kazi ya sekunde moja. Sikumshika. Nilijiambia nitamweleza tukifika nyumbani, huku moyoni nikiwaza kamba yangu ya nguo.

Njiani akaniuliza, "Mbona wamenipigia makofi? Tumepitisha nini?"

"Mambo ya taka," nikasema, na nikamgeukia vizuri ili auone mdomo wangu.

Tangazo lilibandikwa Jumatano. Kusoma anajua. Alikuja kwangu nalo mkononi, amelibandua likiwa na gundi mbichi.

"Wameandika wote walikubali, wakiwemo wenye mbwa," akasema.

"Shangazi, twende kwa mwenyekiti. Nitamwambia hukusikia."

"Utamwambia mimi kiziwi?"

"Si lazima niseme hivyo."

"Kuna namna nyingine ya kulisema? Wiki ijayo shule inaniletea kazi ya sare. Wakijua, watasema huyu akiambiwa mikono mirefu atashona mifupi. Na mtaani nitaitwa Kiziwi mpaka naingia kaburini." Akalikunja tangazo mara nne. "Mbwa aende."

Kisha akanikazia macho. "Wewe uliniambia taka."

"Nilichanganya, shangazi."

Akageuka, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Karani alichukuliwa na mlinzi wa kiwanda cha matofali, ng'ambo ya barabara kuu. Haikupita wiki mbili, maneno yakaanza. "Siku hizi fundi anaringa," wateja walisema. "Unabisha hodi mpaka vidole vinauma, unamwona yumo anakata kitambaa, hata kugeuka hageuki." Wawili wakahamia kwa fundi mwingine, kisha watano. Shangazi alipoambiwa anaringa, akaelewa, akaanza kuuacha mlango wazi kutwa nzima ili watu waingie wenyewe wamguse bega. Nilimwonya.

"Mchana kweupe?" akasema. "Ataingia nani?"

Aliingia mtu siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Alibeba jora la kitambaa cha sare, akatoka, akarudi akabeba la pili, akarudi tena akachukua cherehani ya umeme. Jirani alimwona akadhani ametumwa na shule. Yote hayo hatua tatu nyuma ya shangazi, naye ameinama mezani anakata kola. Aligeuka kutafuta chaki, akakuta pengo.

Kufikia saa sita chumba kilijaa watu walewale wa viti vya chekechea. "Angekuwa na mbwa haya yasingetokea," akasema mama mmoja ambaye siku ya kura alinyoosha mikono miwili. Nilitamani kumzaba kibao, mpaka nilipokumbuka mkono wangu.

Mwenyekiti akamsogelea shangazi. "Lakini mama, hatua tatu! Hukusikia hata kishindo?"

Shangazi aliyakazia macho masharubu, akashindwa. Akanigeukia mimi, mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Anasema nini?"

"Anauliza kama hukusikia."

"Mwambie sisikii," akasema kwa sauti kubwa. "Mwaka wa nne huu sisikii kitu. Mbwa wangu ndiye aliyekuwa akinisikilizia mlango. Na siku ile sikujua mnapiga kura ya nini. Niliufuata mkono wa huyu, mtoto wa kaka yangu."

Mwenyekiti akanigeukia, na wengine wote nyuma yake.

"Wewe ulijua kwamba hasikii?"

"Nilijua."

"Na alipoufuata mkono wako, uliona?"

Shangazi hakuweza kulisoma swali, ila nadhani alilifahamu. Alikuwa akinitazama mdomo, hapepesi, akisubiri. Ningeweza kusema nilichanganya, na wale wote wangeniamini. Nikasema niliona, na kwamba nilinyamaza kwa kuwa nilitaka mbwa aondoke. Nililisema taratibu, neno moja moja, mpaka nikaona amelisoma lote.